Mrija wa shingoni, pamkathi au fistula ya mkono? Waliopitia kusafishwa damu naomba mnisaidie, mama anatakiwa kuamua

MwanaPongwe
Wakuu habari za jioni. Huu uzi naandika nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha kusafishia damu, mama yuko ndani kwenye mashine kabakiza kama lisaa na nusu, kwahiyo nikikatisha mjue nimeitwa.

Mama ana miaka 63, kisukari anacho tangu 2006, presha ikafuata, na mwaka huu mwezi wa tatu figo zikagoma kabisa. Tulimfikisha hospitali usiku kavimba miguu mpaka uso, anahema kama kapanda Usambara kwa mguu, na usiku uleule wakamwekea mrija shingoni wakamsafisha. Mpaka hapo sina neno, walimwokoa. Shida ikaanza baadae, ule mrija tuliambiwa ni wa muda tu, wiki 2 hivi, sisi tumekaa nao karibu wiki 5 maana kila tukienda daktari wa mishipa hayupo njooni Alhamisi, Alhamisi yenyewe ikifika tunaambiwa yuko theatre nyingine. Siku moja mama yuko kwenye mashine akaanza kutetemeka meno yanagongana, homa 39, akalazwa siku 9 kwa antibayotiki za mshipa, mrija ukang'olewa akawekewa mwingine pajani.

Jana daktari kaja kweli, katuambia tuchague. Fistula ya mkono au ule mrija wa kifuani wanaouita pamkathi. Kikao cha familia kikahamia WhatsApp na hapo ndo balaa. Bro mkubwa kusikia tu fistula kaja juu, "mama ana miaka 63 fistula kaipatia wapi, si ugonjwa wa kina mama waliopata shida kujifungua ule unaotibiwa hospitali ya CCBRT?" Nikamwelewesha ni jina tu limefanana. Akahamia hoja nyingine, mama anasuka mikeka, ukishamchana mkono atasuka vipi. Dada yeye anataka pamkathi kwa sababu haina kuchomwa sindano kila siku ya kusafishwa. Mimi nipo katikati kama mgeni wa harusi mbili. Halafu mama ni shoto, sijui kama hilo lina maana yoyote.

Mliopitia semeni ukweli. Mambo ya mizizi na majani ya mstafeli naomba tuyaache pembeni.

kiti_cha_dirishani
Pole sana mkuu, na bi mkubwa mpe pole. Mimi kwenye mashine niko mwaka wa 7 na nimepita kote, shingo, paja, kifua, sasa hivi mkono. Fistula yangu iko kushoto juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale watu wanapovaa saa.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya mtaani halafu umweleze bro. Mashine inataka kuvuta damu kama mililita 300 kila dakika kwa masaa 4. Huu mshipa wa kawaida unaouona mkononi, wa kutolea damu ya malaria, hauwezi kutoa hiyo, utanywea kama mrija wa soda mtoto akivuta kwa nguvu. Mshipa wenye nguvu ni ateri, ule unaotoka moyoni, lakini uko chini na ukiuchoma choma kila mara unajitafutia kifo. Sasa wanachofanya wanachukua ateri na vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, zilizo jirani wanazishona pamoja, damu ya kasi inaingia kwenye mshipa wa juu ambao haujawahi kuona kasi hiyo maishani mwake, unatanuka, unakomaa ukuta, baada ya muda unapata mshipa mnene uko juu juu, unachomeka sindano 2, moja inatoa damu moja inarudisha. Ndo hiyo tu fistula. Hakuna plastiki, hakuna kitu kinachoning'inia, unaoga, unaenda msibani unavaa shati la mikono mirefu hakuna anayejua.

Siku ya kwanza baada ya kufanyiwa nilishtuka usiku nikadhani simu iko chini ya mto inaita. Kumbe mkono wangu. Inatetemeka muda wote, ukiuweka sikioni unasikia vuuu vuuu. Mke wangu alihamia upande wa pili wa kitanda wiki nzima.

Sindano zinauma, nisikudanganye, mwezi wa kwanza hasa. Baadae unazoea.

Mlevi wa Chai
Hiyo ya fistula kumchanganya bro nimecheka nikamwaga chai, samahani mkuu najua mko kwenye matatizo.

Kuongezea tu kwa wanaopenda historia. Hii mashine yenyewe daktari Kolff aliitengeneza Uholanzi 1943 wakati wa vita, ila ilikuwa ya kumsaidia mtu mara chache tu kwa sababu kila ukimsafisha unaharibu mshipa, mishipa ikiisha na mgonjwa kaisha. Yaani mashine ipo ila mlango wa kuingilia hakuna. 1960 kule Seattle daktari Scribner akaweka vimirija vya teflon mkononi, kimoja kwenye ateri kimoja kwenye vena, vimekaa nje ya ngozi vimeungwa kama herufi U, siku ya kusafisha unavitenganisha. Mgonjwa wake wa mwanzo Clyde Shields akaishi miaka 11 zaidi. Halafu 1966 madaktari akina Brescia na Cimino wa New York wakaandika kuhusu hii fistula ya kushona mishipa ya mtu mwenyewe. Kwahiyo kitu anachokiogopa bro kina miaka karibu 60 na bado hakijapata mpinzani wa maana.

Sista_Zamu
Nimeona huu uzi usiku nikiwa kazini, nimejiunga kuujibu. Mimi ni nesi wa chumba cha kusafishia damu, wapi sisemi. MwanaPongwe kuna mambo nataka uyasikie kabla hamjaamua, na yote utayarudisha kwa daktari wenu sio kwangu, maana mimi mama sijamwona.

La kwanza, nadhani mmeelewa vibaya au mmeelezwa haraka haraka. Hapo hamchagui kimoja muache kingine. Fistula ikifanywa leo huwezi kuitumia kesho, inahitaji kukomaa, wiki 6 ni mapema, wengi miezi 2 hadi 3. Muda wote huo mama atasafishiwa wapi? Sio kwenye huo wa paja, wa paja ni wa siku chache, sehemu yenyewe ni jasho na mkunjo, hata kukaa vizuri hawezi. Ndo hapo pamkathi inapoingia. Inapitishwa chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia kwenye mshipa wa shingo, ina kikola kama pete ambacho nyama inakishika, kwahiyo inakaa miezi bila kuchomoka na mdudu anapata kazi kuingia. Hiyo inakuwa daraja, huku fistula inakomaa. Ikishakomaa na ikachomwa vizuri mara kadhaa, pamkathi inatolewa. Muulizeni daktari hivyo hivyo: je tunaweza kuweka vyote viwili.

La pili, shoto ina maana kubwa sana mdogo wangu. Tunapenda fistula iwe mkono usiotumika sana, kwahiyo kwa mama ni wa kulia. Alivyolazwa zile siku 9 drip zilikuwa mkono gani?

MwanaPongwe
Sista asante sana kwa kujiunga. Drip zilikuwa kulia karibu zote, sababu yeye mwenyewe aliomba wamwachie kushoto ale. Mkono una madoa meusi mpaka leo kwenye kiwiko. Na kuna siku kanula zilishindikana wakafungua kifuniko cha ule mrija wa shingo wakaunga drip hapohapo. Sasa naanza kuunganisha dots mwenyewe.

Sista_Zamu
Hapo umeniumiza. Huo mrija ni wa mashine tu. Una njia mbili na ncha yake inafika karibu kabisa na moyo, mdudu akiingia kwenye kifuniko hana safari ndefu. Kila baada ya kusafisha tunajaza dawa ya kuzuia damu isigande mle ndani, mtu akija kuunga drip bila kujua anaisukuma yote mwilini, na akiacha kifuniko wazi hewa inaingia. Siku nyingine mtu yeyote wodini akitaka kuugusa mkatalieni kwa heshima, mwambieni apige simu kitengo cha figo.

Na kuanzia leo mkono wa kulia wa mama usiguswe. Hakuna drip, hakuna kutoa damu, hakuna kupima presha. Wakitaka damu wachukue mgongo wa kiganja, tena cha kushoto. Hili wangeambiwa wagonjwa wote wa kisukari mara tu figo zinapoanza kushuka, sio siku zimeshakufa. Nawaona kila wiki wanakuja mishipa yote imeshatobolewa na kuziba, daktari wa upasuaji anabaki kushika mkono anaugeuza geuza kama mtu anatafuta chawa.

Kabla ya kuchana mwombeni kipimo cha doppla cha mikono yote miwili. Ni kama ultrasaundi ya mjamzito, hakiumi. Kinapima upana wa mishipa. Vena ikiwa chini ya milimita 2 kwenye kifundo, kufanya fistula pale ni kubahatisha, bora wapande kwenye kiwiko.

Bin Likoni
Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa na naona hapa fistula inasifiwa tu kama bibi harusi, na mimi nitasema upande wangu. Nilifanyiwa ya kwanza kwenye kifundo, baada ya siku 4 nikaamka asubuhi kimya. Kile kitetemeshi hakuna. Imeganda. Ya pili wakafanya kwenye kiwiko, hiyo ilitetemeka vizuri lakini ikakataa kunenepa, miezi 4 ninangoja tu, ninafinya mpira wa watoto kama mwendawazimu, wapi. Mara ya tatu wakaniwekea grafti. Hiyo ni bomba laini la plastiki linapita chini ya ngozi, upande huu limeshonwa kwa ateri na ule kwa vena, na hapo ndipo sindano zinapoingia. Mimi yangu ilianza kutumika wiki ya 3. Imeshaganda mara 2 wakaizibua, lakini nashukuru.

Ninachosema ni kwamba fistula ni nzuri ikikubali. Mama wa miaka 63 na kisukari cha muda mrefu, mishipa huwa migumu, familia ijiandae kwamba huenda ya kwanza isishike, wasije wakasema daktari katupiga.

Sista_Zamu
Bin Likoni umesema kweli tupu na ningekuwa na wewe kazini ningekupa zamu ya kuelimisha wagonjwa. Fistula nyingi hazikomai, na kwa wanawake, wazee na wenye kisukari ndo zaidi. Marekani 2003 walikuwa na kampeni ya Fistula Kwanza, kila mtu asukumwe huko. Mwongozo wao wa matibabu ya figo, unaoitwa KDOQI, wa 2019 umelegeza, sasa unasema angalieni mgonjwa mwenyewe, maisha yake yanaelekea wapi, anangoja kupandikizwa figo au la, ana umri gani, moyo ukoje. Babu wa miaka 86 moyo umechoka, kumpasua mara tatu akingoja mshipa ukomae sio kumtendea haki, pamkathi inamtosha. Na kwa moyo uliochoka sana fistula yenyewe inauongezea kazi, maana damu nyingi inakata njia fupi inarudi moyoni bila kupita vidoleni. Mama apimwe moyo kwanza.

kiti_cha_dirishani
Hilo la moyo ni kweli, jamaa tuliyekuwa tunakaa naye kiti cha jirani fistula yake ya kiwiko ilikuwa nene kama kamba ya ng'ombe, akawa anachoka hata kutembea, ikabidi waipunguze.

Fundi_Rejareja
Mimi bi mkubwa wangu ana pamkathi mwaka wa 2 huu na hajawahi kupata homa. Haya mambo ya kukata mikono ya wazee mimi siyaungi mkono. Dada yako yuko sahihi.

kiti_cha_dirishani
Fundi hongera kwa bi mkubwa, Mungu amzidishie. Lakini na mimi nilikaa na pamkathi miezi 11 bila shida, mwezi wa 12 nikaenda ICU. Mtu mmoja kuvuka barabara bila kuangalia akafika salama haina maana gari hazipo. Halafu kitu kingine, hiyo mirija ikikaa sana mshipa mkubwa wa kifuani unajeruhiwa unasinyaa, siku utakapotaka fistula upande huo mkono unavimba wote. Mimi upande wa kulia sina tena, ndo maana nalinda huu wa kushoto kuliko nyumba yangu.

MwanaPongwe
Wakuu mrejesho. Tumemsomea mama uzi wote, ndio, wote, mpaka wa Mlevi wa Chai. Kauliza maswali kuliko sisi. Tukamrudia daktari, moyo umepimwa uko sawa kwa umri wake, doppla imefanyika. Kifundo cha kulia vena ni milimita 1.6, daktari kasema hapa hatupotezi muda. Kwenye kiwiko upande wa nje ni 3.4. Kwahiyo fistula ya kiwiko, kulia, na pamkathi wameiweka upande wa kushoto. Nilimuuliza mbona wengi nawaona ya kulia, kasema kulia njia imenyooka zaidi na ndiko wangependelea, ila hawataki kuweka mrija upande mmoja na fistula wakauharibu mshipa unaopokea damu yake. Kumbe ushoto wa mama umegeuza kila kitu.

Upasuaji umechukua kama lisaa na robo, ganzi ya mkono tu, alikuwa anaongea na nesi habari za bei ya ukindu. Alivyotoka nikaweka kidole. Wakuu ipo. Inanguruma kama nyuki kwenye mzinga. Mama kaipa jina, anaiita Nyuki.

Bro kaja kaigusa, kakaa kimya, halafu kasema "hii kitu ina umeme?"

Sista_Zamu
Hongereni sana!! Sasa kazi inaanza. Asubuhi akiamka, kabla ya kuswali kabla ya chai, aweke kidole amsikie Nyuki, na usiku tena. Nyuki akinyamaza msingoje siku ya kusafishwa, nendeni saa hiyohiyo, ikiwahiwa inaweza kuzibuliwa. Asilalie mkono, asibebe ndoo wala mkoba kwa mkono huo, bangili na saa avue. Vidole vikiwa vya baridi sana, vinakufa ganzi au vinauma, semeni, maana kuna wakati fistula inaiba damu ya kiganja, na wenye kisukari na fistula ya kiwiko ndo tunaowaangalia zaidi. Siku akisafishwa presha ikishuka sana nayo inaweza kuigandisha, kwahiyo asije na maji kilo 4 mgongoni akategemea mashine ivute zote.

mama_wawili_Leicester
Nimechelewa kuuona huu uzi. Mie niko Uingereza naenda mwaka wa 3 na fistula. Kitu ambacho huku tunafundishwa na sijakiona hapa: fistula ikipasuka na kuvuja nyumbani usifungie taulo, taulo inanyonya tu damu hujui imetoka kiasi gani. Bonyeza kwa kidole pale pale inapotoka, au chukua kifuniko cha chupa ya maji, upande ulio wazi uelekee kwenye ngozi, bana nacho, inua mkono, piga simu. Mie kifuniko nakibeba kwenye pochi kama hirizi. Dalili za mapema ni kigaga kisichopona kwenye tundu la sindano, au ngozi imekuwa nyembamba inang'aa.

Na msikubali nesi achome sehemu ileile kila siku kwa sababu ni rahisi. Pale patalegea pavimbe kama ndimu. Mwambieni ahame, apande na kushuka kama ngazi.

Bin Likoni
Hicho cha kifuniko sikuwa nakijua. Nimeinuka sasa hivi nikachukua kimoja nikatia mfukoni.

MwanaPongwe
Mrejesho wa mwisho kwa leo, ni wiki ya 10. Wiki ya 2 vidole vilikuwa baridi kidogo tukarudi, wakapima, wakasema damu inafika, avae soksi ya mkono na tuangalie, ikatulia yenyewe. Mpira wa kufinya mama kaukataa, kasema mimi nimesuka ukili miaka 40 huo mpira utanifundisha nini, daktari akacheka akasema basi endelea na ukili. Na kweli anasuka, taratibu, mkono wa kulia ameuweka juu ya mto.

Leo kachomwa kwa mara ya kwanza. Sindano namba 17, nyembamba za kuanzia, moja tu ya kutoa, kurudisha bado wanatumia pamkathi. Alikunja uso, akaomba niimbe kitu, mimi siwezi kuimba nikamhadithia habari za Simba na Yanga ambazo hana habari nazo kabisa. Mashine ikaenda 200 kwa dakika bila kelele. Jumamosi wakijaaliwa wataweka sindano 2.

Saa hizi yuko kwenye daladala pembeni yangu, kafungwa bandeji, ameweka kidole juu yake, kila kituo ananiambia "yupo".

Sista_Zamu
Mwambie asiibonyeze bandeji sana. Na Jumamosi umwandalie hadithi nyingine.